Nani Alilifungua Kava

"Umeandika hapa 'kwa uzembe wake mwenyewe'," nilimwambia Abdul. "Umejuaje?"

"Mama Samia, saini tu. Saa kumi watu wanakaa."

"Nimekuuliza umejuaje."

"Vidole vilikuwa vya nani? Vyangu?" Alikuwa ameshika kalamu kwa mkono mmoja na kidau cha wino kwa mwingine, cha kuchovya dole gumba. "Mashine ilikuwa imesimama mahali pake. Haikumfuata kwao. Yeye ndiye aliyeifuata."

"Na dole gumba lake lipo?"

"Lipo. Vimeondoka vitatu vya katikati."

"Umeuliza kabisa."

"Sasa atasaini na nini?"

Mume wangu si mtu mbaya. Akiogopa huwa anapanga mambo haraka, na wiki hizo tatu tangu ajali alikuwa ameogopa sana. Karasha ni langu. Leseni ya biashara ina jina langu, mkopo wa injini una jina langu, na karatasi ile ya makubaliano ilikuwa na mistari miwili ya saini: mmoja wa Hosiana, mmoja wa mwenye karasha. Ilisema kwamba Hosiana aliumia kwa uzembe wake, kwamba amepokea magunia mawili ya mawe ya dhahabu na mfuko wa mchele kama pole, na kwamba hana wala hatakuwa na madai yoyote. Mwenyekiti wa mwalo, pale tunapooshea na kukamulia dhahabu, angeshuhudia saa kumi jioni siku hiyohiyo ya Ijumaa. Hosiana akishaweka dole, mambo yake yameisha. Angerudi nyumbani na mchele na mkono wenye vidole viwili.

"Wewe hukuwepo," nilisema. "Mimi nilikuwa Kahama. Fundi wetu Enock alikuwa upande wa injini. Hakuna aliyeona. Halafu nisaini kwamba najua."

"Kila mtu anasaini hivyo hapa Bugarama."

"Mimi nina diploma ya ugavi. Sijawahi kusaini mzigo ambao sijauhesabu."

"Huu si mzigo."

"Ndiyo maana nataka kuuhesabu vizuri."

Aliniambia kwamba tukikubali kosa, kesho wanawake kumi watakuja na vidole vilivyokatika. Nikamuuliza ni nani anayekata kidole kwa ajili ya mchele. Akasema siwajui watu. Nikasema nawajua, huyo mmoja ndiye aliyenisuka nywele Idi iliyopita, kwa vidole hivyohivyo. Nikachukua karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuuliza. Saa kumi nitakuwa nimerudi."

Nilianzia kwenye mashine yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyomng'ata.

Kwa asiyejua, karasha ni mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu yawe unga. Injini ya dizeli inazungusha mkanda, mkanda unazungusha puli, gurudumu kubwa la chuma, na puli inazungusha nyundo zilizo ndani ya pipa la chuma. Sehemu ya hatari ni pale mkanda unapoingia kwenye puli. Kiwandani walipolitengeneza karasha langu waliifunika sehemu hiyo kwa bati nene lenye boliti sita. Sisi tunaliita kava. Asubuhi ile kava lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya matangi ya maji, na kuku alikuwa ametagia ndani yake.

Hosiana hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa mmoja wa wanawake wanaofagia vumbi. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mawe yanaposagwa vumbi linaruka na kutua chini, na vumbi hilo lina dhahabu kidogo. Wanawake wanalifagia, wanaliosha, wanachopata ni chao. Hawalipwi na hawalipi. Malipo yao kwangu ni kwamba karasha linabaki safi. Vumbi laini kuliko yote huanguka chini ya puli, tena wakati mashine inazunguka. Ikizimwa tu, wenye mawe mengine wanamwaga mzigo wao na kukanyaga kila kitu. Kwa hiyo wanafagia ikiwa inazunguka. Nilikuwa nimewaona mara mia moja. Sweta la Hosiana lilikuwa na mkono mpana, na siku hiyo alikuwa peke yake upande ule.

Nilipima kwa hatua. Kutoka mahali ufagio wake ulipookotwa hadi kwenye mkanda ni hatua moja na nusu. Kava lingekuwepo, mkono wa sweta ungegusa bati.

Wakati napima, Gregory alikuwa anashusha viroba vyake vya mawe. Ni mteja wetu wa siku nyingi, mwenye duara, yaani shimo lake la kuchimba, na ni mtu wa kusema bila kuulizwa.

"Mayu, umepoteza hereni?" aliuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Natafuta sababu."

"Hizo hazifagiliwi."

"Gregory, kava hili kwa nini liko ukutani?"

Alicheka. "Kwa sababu linakula. Mawe yangu yakisagwa, vumbi linaingia humo ndani linalala. Jumamosi fundi wako analifungua, analiosha, anapata gramu. Gramu ya nani? Yangu. Sisi tulisema wazi: karasha lenye kava hatusagi. Tutahamia kwa Jafferali kule barabarani, la kwake liko uchi."

"Kwa hiyo ulilifungua wewe?"

"Mimi?" Akaweka kiroba chini. "Spana yako ninayo mimi? Nilisema tu. Kusema si kufungua."

Nilikaa na neno hilo kwenye pikipiki yangu mpaka Kahama.

Thobias ni msaidizi wa kisheria. Ofisi yake ni chumba kimoja karibu na duka la vipuri la Mama Hiral, chenye meza, benchi na feni inayogeuka upande mmoja tu. Alikuwa anakula muhogo. Nilimsalimia, nikamwekea karatasi mbele yake, naye akaisoma huku anatafuna.

"Nani kaandika?"

"Mume wangu."

"Ana mwandiko mzuri." Akafuta mafuta ya kidole chake kwenye karatasi. "Unataka nikusaidie kumfanya asaini, au unataka kitu kingine?"

"Nataka kujua kosa ni la nani. Basi. Nikijua nitasaini au sitasaini."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa kitu kisichokuwa kwenye orodha. "Wenye mashine huwa hawaji kuuliza hivyo."

"Mimi nimekuja. Kwanza niambie, kuna mtu atafungwa?"

"Kwa hili? Hii si jinai. Inaitwa sheria ya madhara. Mtu akimdhuru mwenzake kwa uzembe, aliyedhuriwa anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Hakuna pingu. Kuna kurudishia mtu kile kinachoweza kurudishika."

"Vidole havirudi."

"Havirudi. Ndiyo maana ni fidia."

Nikamwambia hoja ya Abdul: Hosiana si mwajiriwa wetu, hana mkataba, hakuna aliyemwita.

"Hoja hiyo inakugeukia," alisema Thobias. "Angekuwa mwajiriwa wako, na wewe unachangia inavyotakiwa, angekwenda kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kwa kuwa si mwajiriwa, hana pa kwenda isipokuwa kwa aliyemuumiza. Sheria ya madhara haiulizi mkataba. Inauliza hivi: ulipokuwa unaendesha mashine yako, ni nani ambaye ungeweza kumwona kwa akili ya kawaida kwamba usipoangalia ataumia? Huyo una wajibu kwake."

"Hata kama simlipi?"

"Hata kama humjui jina."

Hapo nilikumbuka Samuye, kwao mama yangu. Ng'ombe wa mtu wakiingia kwenye mtama wa jirani usiku kucha, asubuhi watu hawaulizi kama mwenye ng'ombe na mwenye mtama walikuwa na mkataba. Wanakwenda kuangalia zizi. Wanauliza mlango ulikuwa umefungwa na miiba au ulikuwa wazi, na nani alikuwa na zamu ya kuchunga. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni ugomvi wa wakulima na wafugaji tu. Nilimwambia Thobias.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Zizi lako lilikuwa na mlango?"

"Lilikuwa nao. Uko ukutani, kuku katagia."

Akaacha muhogo. Akachukua daftari. Aliniuliza lilikuwa wazi tangu lini, wanawake wangapi wanafagia hapo, kama kulikuwa na kamba au bango la kuwazuia. Nilijibu: tangu mwaka jana, kama wanane, hakuna. Kila nilipojibu nilihisi kama namtajia mtu ukubwa wa kiatu changu.

"Lakini yeye alisogea mwenyewe," nilisema. "Na sweta lile. Mtu mzima anajua mkanda unavuta nguo."

"Hilo lina uzito wake, na mwanasheria wako atalisema. Hakimu anaweza kuona kwamba naye alichangia, akapunguza fidia kwa kadiri ya mchango wake. Kupunguza, siyo kufuta. Lakini angalia karatasi yenu. Haisemi alichangia. Inasema kosa lote ni lake."

"Na Gregory? Wateja ndio waliotaka kava litoke."

"Walikuwa na uwezo wa kulitoa?"

"Hawakuwa na spana."

"Walikuwa na uwezo wa kukuzuia usilirudishe?"

Nilitazama feni ikigeuka upande wake mmoja.

"Watu wanataka mambo mengi," alisema. "Tafuta aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana."

"Basi ni Enock. Fundi wangu. Spana zote zinakaa kwake, na nilikuwa nimemwambia mambo ya mashine ni yake." Nilisema haraka kidogo, najua. Jina hilo lilikuwa limenijia barabarani na nilikuwa nimelipenda.

"Enock anafanya kazi kwa nani?"

"Kwangu."

"Alilifungua akiwa kazini?"

"Ndiyo."

"Basi hata kama alilifungua kwa akili yake mwenyewe, uzembe wa mfanyakazi akiwa katika kazi ya mwajiri unambana na mwajiri. Lakini ni vizuri kujua. Muulize nani alimwambia."

Nilimuuliza la mwisho: Hosiana akisaini leo, halafu akapata wa kumwelekeza, anaweza kubadilisha?

"Anaweza kuipinga karatasi. Atasema alikuwa na maumivu, hakuelewa, hakuwa na mtu wa kumshauri. Lakini ataanza safari akiwa na jiwe mgongoni. Asiposaini, ana miaka mitatu tangu siku ya kuumia ya kufungua madai, na hana jiwe." Akanirudishia karatasi. "Mama Samia, mimi nimekujibu wewe. Akija yeye, nitamjibu na yeye. Ujue hivyo."

"Namba yako ni ileile ya kwenye bango?"

"Ileile."

Nilifika Bugarama saa tisa na nusu. Hosiana alikuwa ameshakuja, amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mwenyekiti, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko na mfuko wa plastiki wa vitu vyake mapajani. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, asiyependa kusumbua.

"Mwadila, mayu," alisema.

"Mwadila. Unaumwa?"

"Vinawasha. Vile ambavyo havipo ndivyo vinavyowasha." Akacheka kidogo kama anayeomba radhi. "Daktari anasema ni kawaida."

"Umesoma karatasi?"

"Baba Samia kanisomea. Mchele ni kilo ishirini na tano. Nimeshukuru."

Nilikwenda kwa Enock.

Alikuwa anasaga mawe ya Gregory. Ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, amefanya kazi na mashine kabla mimi sijajua karasha ni nini. Nilimwashiria, akapunguza injini, lakini bado hatukusikiana. Nikamwashiria azime kabisa. Gregory akainua mikono.

"Mayu, mawe yangu yako nusu."

"Yatakusubiri. Ni mawe." Nikamgeukia Enock. "Kava nani alilifungua?"

"Mimi, mama. Kwa spana ya kumi na tisa."

"Nani alikuambia?"

Aliangalia chini, akaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Abdul naye alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu na kidau chake cha wino.

"Enock, nimekwenda Kahama na kurudi kwa ajili ya swali hili."

"Mama, mimi nilikataa kwanza."

"Ulimkatalia nani?"

"Wewe."

Nilisema si kweli. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Enock hakubishana. Alitoa simu yake mfukoni, akapandisha ujumbe juu, juu, akapita sikukuu na misiba na picha za vipuri, mpaka Juni ya mwaka jana. Akabonyeza. Mashine ikiwa imezimwa, kila mtu pale alisikia.

Ilikuwa sauti yangu. Nyuma yake palisikika mtoto wangu Samia akiuliza daftari lake liko wapi.

"Enock, mimi nimeshachoka na hilo kava. Watu wanahamia kwa Jafferali. Lifungue leo, tutalirudisha mvua zikianza. Na hao wafagiaji waambie waangalie mikono yao, mimi simo."

Sekunde kumi na nne. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena. Nilikuwa nimeusahau ujumbe ule kama mtu anavyosahau alichokula Jumanne. Kilichonishangaza si kwamba nilisema. Ni jinsi nilivyosema: nilikuwa nimeliona jambo lote mapema, mikono na kila kitu, kisha nikaliweka kwa watu wengine kwa maneno mawili. Thobias alisema, mtu ambaye ungeweza kumwona kwa akili ya kawaida. Mimi nilikuwa nimemwona, na nilikuwa nimemtaja.

Gregory alijifanya anakagua viroba vyake.

"Ifute," alisema Abdul, pole pole. "Enock, futa. Na wewe ufute kwako. Hakuna mtu anayejua."

"Tunajua watu wanne."

"Gregory hatasema."

"Mimi sijasikia kitu," alisema Gregory. "Injini ilikuwa na kelele."

"Injini imezimwa," alisema Enock.

"Zuleha," alisema Abdul. Ananiita kwa jina langu mara moja au mbili kwa mwaka. "Mkopo bado. Ukimpa mtu huyo sauti yako, umempa karasha."

"Labda. Hakimu ataangalia na sweta."

"Kuna nusu saa. Anaweka dole, anakwenda na mchele wake, tunarudisha kava kesho. Kila mtu salama."

"Karatasi inasema kwa uzembe wake mwenyewe. Umesikia ni uzembe wa nani."

"Nimesikia."

"Basi andika nyingine wewe, mimi hiyo siisaini."

Nilitoa simu yangu. Niliupata ujumbe kwangu pia, Juni ileile, chini ya picha ya feni belti. Nikaubonyeza mpaka ukawa wa bluu, nikatafuta jina: Hosiana Msusi. Ndivyo nilivyokuwa nimemwandika. Chini yake niliongeza namba ya Thobias, na maneno haya: *Usiweke dole leo. Mpigie huyu kwanza. Sauti ni yangu.*

"Mama Samia," alisema Abdul.

Nikatuma. Kule kwenye benchi simu iliita ndani ya mfuko wa plastiki, na Hosiana akaanza kuitafuta kwa mkono wa kushoto.